Milio miwili mbele ya gari langu la fowili

Kwa miezi miwili gari langu la fowili, linaloweza kusukumwa na magurudumu yote manne, lililia mbele, na muda wote huo niliuchukulia mlio ule kuwa mmoja. Hilo ndilo lililonipotezea wakati. Nilibadilisha pedi za breki, nikakaza kila nati niliyoifikia, kelele ikabaki palepale.

Siku moja nikaendesha taratibu, madirisha yote wazi, nikisikiliza tu. Kumbe sauti zilikuwa mbili. Ya kwanza ni chwi-chwi-chwi kama ya kifaranga, ukiongeza mwendo nayo inakazana, hata kwenye lami laini. Ya pili ni mkwaruzo mrefu wa bawaba kavu, unaotoka gari likipanda tuta au pua ikiinama ninapokanyaga breki.

Nilianza na kifaranga. Nikachora mstari wa chaki kwenye tairi, mdogo wangu akatembea kando ya gari akihesabu. Kila mstari ulipomaliza mzunguko mmoja, mlio ulisikika mara nne. Nilifurahi sana, maana difu yangu, sanduku la gia lililo kati ya magurudumu, ina uwiano wa 4.1, yaani propela shafti, mtaimbo unaoipelekea nguvu, huzunguka mara nne na ushei kwa kila mzunguko wa gurudumu. Kitu kilichoshikana na gurudumu lenyewe, kama diski ya breki, kingelia mara moja. Ili nihakikishe, nikafungua loki za haba za mbele, yaani vifungio vya katikati ya gurudumu vinavyoliunganisha na eksili, ambazo nilikuwa nimeziacha zimefungwa tangu msimu wa mvua. Haba zikiwa huru na transfa, gia ya kuchagua magurudumu yanayosukuma gari, ikiwa 2H (ya nyuma tu), eksili na propela ya mbele havizungushwi na magurudumu. Nikaendesha tena: kifaranga kimya.

Kabla ya kuvua propela niliweka alama za rangi kwenye flenji, bamba inapofungiwa kwa bolti, ili irudi ilivyokuwa. Krosi, yaani kiungo cha propela kinachokunjika, ya upande wa difu ilikuwa inakwama ukiikunja kwa mkono, na pembeni mwa vikombe vyake palikuwa na vumbi jekundu la kutu. Grisi ilikwisha zamani. Nikafunga krosi mpya, safari hii yenye nipeli ya kuingizia grisi. Kazi hii inataka subira: kijisindano kimoja cha beringi kikianguka ndani ya kikombe, kikombe hakifiki mwisho na klipu yake haiingii. Usilazimishe kwa nyundo. Toa, safisha, upange sindano upya kwa grisi nzito inayozishika.

Mkwaruzo niliutafuta kwa chupa ya maji ya sabuni. Mdogo wangu alikuwa akilibonyeza gari kwa mbele, mimi nikinyunyizia bushi moja (pete ya mpira kwenye viungo vya chini ya gari), nasikiliza, ndipo nahamia nyingine. Bushi za stabilaiza, fimbo inayozuia gari kulala upande, hazikubadilisha chochote. Nilipoilowesha bushi ya nyuma ya mkono wa chini, chuma kinachoshikilia gurudumu, upande wa kulia, sauti ikakatika hapo hapo. Maji yakikauka mlio hurudi, kwa hiyo ni ya kupimia tu. Oili sikuigusa, maana huvimbisha mpira wa bushi na kuuharibu.

Bushi ya zamani ilipotoka, nikaona mpira umechanika upande mmoja. Naamini iliyowahi kufungwa hapo ilikazwa gari likiwa juu ya stendi. Bushi ya aina hii haizunguki kwenye bolti, mpira wenyewe ndio unaojinyonga mkono unapopanda na kushuka. Ukiikaza gurudumu likining'inia, gari likishuka mpira unakaa umenyongwa hata likiwa limeegeshwa, na hauchukui muda kuchanika. Hivyo mimi niliingiza bolti kwa mkono tu, nikashusha gari likasimama kwa uzito wake, nikalitikisa mara kadhaa, ndipo nikakaza kwa toki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Bolti hizo kwenye gari langu ndizo pia zinazopanga pembe za magurudumu, kwa hiyo siku hiyo hiyo nililipeleka kufanyiwa alaimenti. Loki za haba nimezifunga tena, na propela inazunguka bila sauti.