Nilivyokipaka fedha upya kioo cha darubini yangu Lamu

Darubini yangu ni ya aina ya Newton: mwanga hukusanywa na kioo mbonyeo cha inchi 8 kilicho chini ya bomba. Kinachorudisha mwanga hasa ni utando wa alumini, mwembamba kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Utando huo uko usoni, si mgongoni kama kwenye kioo cha kujitazamia, kwa hiyo hewa yetu ya bahari huugusa moja kwa moja. Chumvi ikitua, kisha umande ukashuka, alumini huanza kulika. Nilipokimulika kioo kwa nyuma gizani, vitundu vilijaa mwanga, hasa ukingoni.

Wataalamu wengi husema usikioshe kioo mpaka kichafuke sana. Kwa vumbi nakubali. Kwa chumvi, hapana: mimi huosha mapema. Namwagia maji, natia tone la sabuni, naburuta pamba kwa uzito wake bila kukandamiza, namalizia kwa maji ya betri, yale yasiyo na asidi, kwa sababu maji ya kisima huacha madoa ya chokaa.

Lakini kilicholika hakirudi kwa kuoshwa. Kupaka alumini kunataka tangi lililoondolewa hewa yote, njia iliyoenea tangu miaka ya 1930, na tangi hilo huku hatuna. Nikachagua njia ya kale zaidi, ya fedha, ambayo mwanafizikia Mfaransa Léon Foucault aliitumia Paris mwaka 1857.

Alumini niliivua kwa feriki kloraidi, dawa ya mafundi wa elektroniki ya kuchongea bodi. Fundi aliyenipa alinionya, "Mwalimu, vaa glavu, na hiyo kanzu ivue kabisa. Doa lake halitoki." Kisha nikasafisha mpaka maji yakatanda usoni bila kukatika popote, yakikatika, pana mafuta, na fedha haitashika hapo. Nikachanganya nitrati ya fedha na amonia, nikaongeza glukosi, nikamimina. Maji yaligeuka kahawia, yakawa meusi, na chini yake uso wa fedha ukajitokeza. Mchanganyiko huo wa fedha na amonia usiwekwe akiba hata kidogo: ukikaa hutengeneza kitu kinacholipuka.

Fedha hurudisha sehemu kubwa zaidi ya mwanga unaoonekana kuliko alumini, ila adui yake ni salfa. Ile harufu ya matope ya mikoko maji yakipwa ni gesi ya salfa, nayo ndiyo huisawijisha. Kwa hiyo kioo hulala ndani ya sanduku lisilopitisha hewa, pamoja na vifuko vya punje za kunyonya unyevu, ambazo mimi huzikausha jikoni zikishiba. Hata hivyo fedha itafifia, nami nitaivua na kuipaka tena. Naona hiyo ni afadhali kuliko kukifunga kioo na kukisafirisha ng'ambo.