Siku moja maishani mwangu: kutafuta ndege kwa gari ya shamba

Saa 11:40 alfajiri. Nimeshaswali, nimekunywa chai ya rangi, darubini iko shingoni. Kazi yangu ni kuwaonyesha wageni ndege, na leo namfuata mgeni wangu Forodhani: mwalimu mstaafu kutoka Iringa, kaja Unguja kuangalia ndege na teksi hataki kuisikia, anataka gari za shamba, zile za abiria ziendazo vijijini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Gari ziko wapi?"

Wageni kama hawa ndio ninaowapenda.

Saa 12:15. Tunaanza na kunguru, maana hawakwepeki. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Taka hazikwisha, na kunguru wametapakaa mpaka bara. Wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo, kwa hiyo anayetaka ndege wengine afadhali aende shamba.

Saa 1:00. Tunapanda gari ya Makunduchi. Ya Jambiani nayo ingetufaa, zote hupita mlangoni mwa msitu wa Jozani. Tumepata moja ya zile za zamani, bodi la mbao, ubavu wazi. Mwalimu kabanwa baina ya bibi mwenye kapu na gunia la unga. Kwa kazi yangu gari hizi zinaishinda teksi: hazina vioo. Njiani, gari iliposimama kushusha mzigo, tukasikia *du-du-du-du* kutoka kichakani.

"Dudumizi huyo," bibi akasema. "Anaita mvua."

Mwalimu akaandika jina kwenye daftari, na mvua pia.

Saa 2:20. Jozani. Hifadhi hii ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yenye kilomita za mraba 50, ilitangazwa mwaka 2004. Watalii wanakimbilia kima punju na simu mikononi, waacheni. Sisi tunamtaka ndege aitwaye shorobo wa Fischer, na huyo unaanza kumtafuta kwa masikio: sauti nzito ya kukoroma juu ya miti. Tulisimama mpaka shingo zikauma. Ndege wa kijani ndani ya majani ya kijani! Mara akakimbia juu ya tawi, miguu ikienda kama ya panya darini, akaruka. Hapo ndipo bawa linapowaka jekundu. Rangi ile ina madini ya shaba ndani yake, na ile ya kijani vilevile. Mwalimu alisahau kuinua darubini.

Saa 6:30 mchana. Kuswali, wali na samaki.

Saa 8:00. Mikokoni, upande wa kijiji cha Pete, juu ya daraja la mbao. Mdiria wa mikokoni katua karibu. Tazama mdomo: wa huyu ni mwekundu juu na chini, yule mwenzake wa misituni ana mweusi chini. Joto, mbu, basi.

Saa 9:30. Barabarani. Gari ya kwanza imejaa, ya pili imejaa, ya tatu konda anasema "ingieni tu". Tukaingia, mwalimu kwenye kiti, mimi nikaning'inia mlangoni.

Saa 11:00 jioni. Mjini, bakuli la urojo. Mwalimu anaulizia ndege wa pwani. Nimemwambia kesho ni Chwaka, ila saa ya kuondoka itapangwa na maji kupwa, siyo mimi wala dereva.