Kutafuta dhahabu kwa detekta kwenye machimbo ya zamani: nilivyofanya mimi

Detekta, yaani mashine ya kutafutia metali ardhini, haijui dhahabu. Koili yake, ile sahani yenye waya uliozungushwa ndani, inatoa nguvu ya sumaku inayobadilika-badilika, na metali yoyote iliyo karibu inazaa mikondo midogo ya umeme inayoijibu koili, basi mashine inalia. Kama kilicho chini ni dhahabu, msumari au kipande cha kopo, hiyo ni kazi yako wewe uliyeishika. Nimelitanguliza hilo kwa sababu kila anayeniuliza habari za kazi hii huanza na swali la natumia mashine gani. Swali langu mimi huwa ni jingine: waliochimba hapo waliishia wapi, na kwa nini waliacha?

Eneo nililofanyia kazi ni bonde dogo lenye korongo katikati na maduara mafupi, yaani mashimo ya wachimbaji, pande zote mbili, yaliyochimbwa kwa mikono na kuachwa zamani. Kabla ya kuingia nilimwona mzee mwenye ardhi, kisha nikafuatilia haki ya madini iko kwa nani, maana ardhi na kilicho chini yake mara nyingi havina mwenyewe mmoja. Tukaandikiana jinsi tutakavyogawana. Hatua hii watu huiruka kwa haraka, halafu ugomvi unakuja siku kipande kinapotoka.

Mwanzoni sikubeba mashine kabisa. Nilikuwa natembea tu nikitazama vifusi. Mtu anapochimba duara, udongo wa kwanza kutoka ndio unaolala chini ya kifusi na kusambaa, na wa mwisho ndio unaobaki juu. Kwa hiyo kilele cha kifusi kinakwambia sakafu ya duara ikoje bila wewe kushuka. Kama juu kuna udongo wa mfinyanzi wa kijivu au vipande vya mwamba uliooza, wakati ardhi ya pembeni ni nyekundu, jamaa walifika mwambani. Kama kifusi kizima ni rangi moja na ardhi ya juu, waliacha njiani: maji yaliwazidi, kuta zilikuwa zinaanguka, au walichoka tu.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoniongoza kazi yote. Dhahabu ina uzito wa mara 19.3 ya maji, mawe ya kawaida ni mara 2.7 hivi, kwa hiyo ikisukumwa na maji ya korongo kwa miaka na miaka inazama mpaka ifike mahali haiwezi kuzama tena, yaani juu ya mwamba na ndani ya nyufa zake. Wachimbaji waliofika huko walipakia udongo ule wa chini wakaenda kuuosha, lakini sepeto haichagui. Sehemu yake ilimwagika, sehemu ilirushwa pamoja na takataka. Maduara yaliyoishia njiani niliyaacha moja kwa moja. Dhahabu ikiwepo iko chini ya sakafu yao, mbali kuliko detekta inavyofika, na kwenye kifusi hakuna kitu.

Kuna na njia nyingine walizoachia mali. Waliokuwa wakichekecha walitupa mawe makubwa bila kuyageuza, na kipande kilichokuwa kikubwa kuliko tundu la chekeche kilikwenda nayo. Mfinyanzi usiovunjwavunjwa vizuri unaviringika kwenye mfereji wa kuoshea ukiwa na punje ndani yake, unatoka upande wa pili kama ulivyoingia. Na kati ya duara na duara hubaki kuta na vipande vya ardhi ambavyo hakuna aliyevigusa, ama kwa sababu ya mpaka wa mtu na mtu, ama mti ulikuwa umesimama pale.

Msidhani hizi ni nadharia za kujifariji. Kingower, katika jimbo la Victoria huko Australia, ni machimbo ya karne ya 19. Kipande kikubwa kilichoitwa Blanche Barkly kilitoka huko mwaka 1857, na watu wakalipekua eneo kwa vizazi. Mwaka 1980 mtu mwenye detekta akatoa hapo kipande cha zaidi ya kilo 27, kilichopewa jina la Hand of Faith. Mimi sijatafuta cha namna hiyo. Nilichokuwa nawinda ni punje na vipande vya gramu moja mbili, na hivyo ndivyo machimbo ya zamani yanavyotoa kwa kawaida.

Sasa mashine. Kuna aina mbili kubwa. Moja hutuma mawimbi mfululizo, na kama masafa yake ni ya juu, kilohezi 40 kwenda mbele, husikia punje ndogo ajabu, ila udongo mwekundu wenye chuma huifanya ipige kelele bila sababu. Nyingine hutuma mapigo mafupi, hunyamaza, kisha husikiliza jibu linavyofifia. Hii huvumilia udongo wa chuma na huenda chini zaidi, lakini ni ghali na haina ujanja wa kutenganisha chuma na metali nyingine, kwa hiyo utachimba misumari mpaka ukome. Nilichagua ya kwanza kwa sababu vifusi vya mwambani kwangu vilikuwa vya mfinyanzi uliopauka, usio na chuma kingi. Ningekuwa kwenye udongo mwekundu mtupu ningekopa hata kwa jirani ili nipate ya mapigo.

Kuisawazisha na ardhi ndiko kunakoamua siku itakuwaje. Unatafuta mahali pasipo na metali, unapandisha na kushusha koili juu ya udongo, huku unarekebisha mpaka sauti isipande wala kushuka. Udongo ukibadilika rangi, unarudia. Naacha mvumo mdogo uendelee masikioni wakati wote, tena kwa hedifoni, kwa sababu punje iliyo chini haipigi mlio, inautikisa mvumo tu. Simu nazima, funguo naacha nyumbani, na viatu vyenye chuma puani sivai. Nyaya kubwa za umeme na radi za mbali zote zinaingia kwenye mashine; kukiwa na radi narudi, kwa sababu mbili.

Kabla ya kuiamini nilichukua marisau, zile punje za risasi za bunduki ya kuwindia, nikaziweka chini ya vipande vya kadibodi nikazifukia kwa vina tofauti kwenye udongo wa palepale. Madini ya risasi hulia karibu sawa na dhahabu yenye ukubwa uleule. Zoezi hili linanyoosha matarajio haraka. Punje ndogo nilizisikia chini ya sentimita chache tu, na ikiwa koili imeinuka kidogo kutoka ardhini zilipotea. Nguvu ya sumaku hupungua kwa kasi kubwa kadiri umbali unavyoongezeka, hivyo koili inayoelea kiganja kimoja juu ya nyasi imeshatumia kina chake chote hewani. Nilifyeka nyasi. Koili ndogo nikaiona inanifaa zaidi kuliko kubwa, kwa kuwa inapenya kati ya mawe na husikia vitu vidogo, japo kubwa ndiyo hushuka chini.

Takataka zilikuja nyingi, na sikuzitupa. Misumari, vimisumari vya soli za viatu, vipande vya mikebe, risasi zilizopigwa, pete ya ndoo. Nilizipanga kwenye kopo kwa sehemu zilipotoka, maana zinazungumza. Misumari yenye mwili wa pembe nne ni ya zamani kuliko ile ya mviringo ya waya, iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19. Na kifusi kisicholia kabisa, hata msumari hakuna, kilinitia wasiwasi kuliko kile kilichojaa kelele: machimbo ya watu hayawezi kukosa vyuma, kwa hiyo mtu mwenye detekta alishakipita na kukisafisha. Pale palipojaa misumari ndipo wengi huchoka na kuondoka. Mimi nilikaa hapo hapo.

Kipande changu cha kwanza kilitoka kwenye ubavu wa juu wa kifusi chenye mfinyanzi wa kijivu. Sauti ilikuwa laini, ikajirudia nilipopita kushoto kwenda kulia na nilipozunguka nikapita kwa kukata msalaba. Nikafuta udongo kwa kiatu, karibu sentimita mbili, nikapima tena. Ikawa kali zaidi. Hilo ndilo jaribio ninaloliamini. Mawe yenye chuma, ambayo hulia kama metali halisi, mara nyingi hupoa au hugeuka sauti ukishayasogeza, na ukiinua koili kidogo hunyamaza ghafla, wakati metali hufifia polepole. Nikapitisha sumaku niliyoifunga kwenye mpini wa sururu: haikunasa kitu. Basi nikachota udongo kwa kikombe cha plastiki, nikapima kikombe, kinalia. Nikamwaga nusu mkononi, nikapima nusu, nikaendelea kugawa hivyo hadi likabaki fumba dogo. Fumba hilo nikalimwaga kidogo kidogo juu ya koili yenyewe, na kitu kizito kikagonga plastiki kwa mlio wake. Kilikuwa cha njano hata kwenye kivuli cha mkono wangu. Dhahabu haimetimeti ukiigeuza, inabaki rangi moja kila upande. Hiyo ya kumetameta ni dhahabu ya wapumbavu, yaani madini mengine yanayofanana nayo tu, na ukiigonga inavunjika unga.

Baada ya hapo nikaacha kuzurura. Kila kifusi kilichofika mwambani nilikikwangua tabaka jembamba kwa reki, nikapima, nikakwangua tena, mpaka rangi ya mfinyanzi ilipokwisha. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa, ila ndiyo iliyoleta sehemu kubwa ya nilichopata. Kuta kati ya maduara nilizipima kwa mistari iliyopandana, nikipeleka koili taratibu, kila pito likifunika nusu ya lililotangulia. Sakafu za maduara mafupi, yale unayosimama kichwa kikiwa nje, nilizifagia nyufa zake kwa brashi. Mashimo marefu sikuyaingia hata moja. Hewa ndani yake inaweza kukosa oksijeni bila kunuka, mbao zimeoza, na mdomo wake mara nyingi umefunikwa na majani. Mtu akikwambia dhahabu iko chini humo, mwache nayo.

Jambo jingine la kuangalia: karibu na mahali walipooshea, nilipata punje za rangi ya fedha. Hiyo si fedha, ni dhahabu iliyovaa zebaki waliyotumia kunasia. Usiichome moto ili irudi njano. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi lakini mvuke wake huanza kutoka mapema zaidi, na huo ukiuvuta unaharibu ubongo na figo. Nilizifungia kwenye chupa yenye maji peke yake na sikuendelea kupima upande ule.

Vipande vya kawaida navithibitisha kwa maji. Unapima kipande kwenye mizani inayosoma hadi sehemu moja ya mia ya gramu, kisha unaweka kikombe cha maji juu ya mizani, unairudisha sifuri, na kukining'iniza kipande kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Namba inayotokea ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Kimoja changu kilikuwa gramu 4.10, kwenye maji mizani ikasoma 0.23, ukigawa unapata 17.8, yaani kina uzito wa mara 17.8 ya maji. Dhahabu ya asili huwa na fedha ndani yake, kwa hiyo haifiki 19.3 kamili, lakini risasi ingekomea 11.3.

Hesabu hiyo ndiyo iliyotuokoa na mabishano. Kwenye rundo la mawe waliyoyatupa, pembeni ya korongo, detekta ililia kwenye jiwe jeupe la kwatzi lenye ukubwa wa yai la kware, lenye uzi wa njano kwenye ufa. Mzee alipoliona akasema, "Mwanangu, tulivunje tugawane." Nikamwomba asubiri. Jiwe lenye dhahabu inayoonekana likiwa zima, wakusanyaji hulilipia zaidi ya uzito wa dhahabu iliyomo, na likishapondwa halirudi. "Sasa nitajuaje zangu ni ngapi?" akauliza, na alikuwa na haki.

Tukapima pamoja. Jiwe zima lilikuwa gramu 38, kwenye maji mizani ikasoma 12.5. Kwatzi ni mara 2.65 ya maji, kwa hiyo unazidisha 12.5 kwa 2.65 unapata 33.1, unatoa kwenye 38 inabaki 4.9, unazidisha kwa 1.16 (yaani 19.3 ya dhahabu ukigawa kwa tofauti yake na 2.65 ya kwatzi), nayo inakupa takribani gramu 5.7 za dhahabu ndani ya jiwe. Ni makadirio, kwa kuwa chuma au madini mengine yakiwemo yanapandisha jibu. Mzee alirudia hesabu mwenyewe kwenye simu yake, akaridhika, akachukua sehemu yake kwa punje nyingine nilizokuwa nazo kwenye kichupa. Jiwe likabaki kwangu. Rundo lenyewe sijalimaliza. Upande wa chini umeota miiba, na nimeshamwomba ruhusa ya kuifyeka.