Oili imepanda badala ya kushuka

Leo asubuhi niko gereji hapa Malindi na ami. Gari lake ni dizeli ya kisasa, zile zenye filta ya masizi kwenye ekzosi. Analitilia bayodizeli, ile ya mafuta ya kukaangia yaliyokwisha tumika.

Fundi kachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, kaipangusa, kairudisha, kachomoa tena.

Oili imepita alama ya juu!

Ami kashtuka: "Oili yaongezeka yenyewe, mwanangu?"

Fundi kachovya kidole, kakisugua na gumba. Nyepesi mno. Na yanukia bajia, wallahi.

Kumbe filta ikijaa, injini nyingi hunyunyiza mafuta ya ziada ili masizi yaungue. Dizeli ya kawaida hugeuka mvuke ikatoka. Bayodizeli ni ngumu kugeuka mvuke, hubaki kwenye kuta za silinda ikachuruzika hadi kwenye oili.

Wazo lenyewe la bayodizeli nalipenda sana, sitaki ami aliache. Tumemwaga oili, tumetia mpya, na sasa atachanganya bayodizeli kidogo tu kwenye dizeli ya kawaida. Ulaya dizeli ya kawaida huruhusiwa bayodizeli hadi asilimia 7.

Wenye magari mapya ya dizeli Watamu, Kilifi, Mombasa: nyinyi mwachanganya kiasi gani?

Na oili mwabadilisha baada ya kilomita ngapi? Niambieni, ami asubiri majibu.