Fungu la Anayezuia

Andiko: 1 Samweli 30:21–25

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Daudi aliporudi na nyara za Waamaleki, aliwakuta kijito cha Besori watu 200 waliochoka wakabaki na vyombo. Baadhi ya wale 400 waliopigana walitaka wenzao warudishiwe wake na watoto tu, kisha waende zao. Daudi akakataa: mafungu yawe sawasawa. Mstari wa 25 unaongeza kwamba aliifanya kuwa sheria katika Israeli. Hakuiacha kwenye huruma ya siku moja.

Juma hili tuiangalie sheria hiyo kupitia kazi ya Bob Gainey, winga wa kushoto wa Montreal Canadiens, timu ya hoki ya barafuni ya Kanada, kuanzia 1973 hadi 1989. Alikuwa mshambuliaji, ila kazi yake kubwa ilikuwa kuwanyima nafasi washambuliaji hatari wa timu pinzani. Alicheza misimu 16, mechi 1,160 za ligi, na hakuna msimu aliovuka magoli 23. Mwenzake Guy Lafleur alifunga 60 katika msimu wa 1977–78 pekee.

Kuzuia kuna ufundi wake. Timu inapopokonywa kisahani, yaani kile kidude bapa kinachopigwa kwa gongo badala ya mpira, mshambuliaji asiyeijua kazi huzunguka kwa duara pana ili asipoteze mwendo, na hapo ameshachelewa. Anayeijua kazi hufunga breki papo hapo kwa makali ya viatu vyake vya kutelezea, hugeuka, hupiga hatua tatu nne za nguvu, kisha hurudi kwa kupitia katikati ya uwanja, kwa sababu hatari hupita katikati. Anamkaba mtu na kuacha kukodolea macho kisahani. Hukaa kati ya mtu huyo na goli, gongo likiwa chini kwenye barafu kuziba njia ya pasi, na humbana taratibu kuelekea ubao wa pembeni, ambako shuti halina pembe nzuri. Akiwa nyuma hata kwa hatua mbili, atashawishika kumnasa mpinzani kwa gongo. Refa humtoa nje dakika 2, na timu hubaki na wanne mbele ya kipa. Mara nyingi kosa lilianza mapema: zamu ya mchezaji uwanjani siku hizi ni kama sekunde 45 kabla ya kupumzishwa, na anayeng'ang'ania kukaa uwanjani dakika nzima hugomewa na miguu wakati wa kurudi. Kujua kutoka ni sehemu ya ulinzi.

Karatasi ya takwimu haina safu ya goli ambalo halikufungwa. Ndiyo maana mwaka 1978 NHL, ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani, ilianza kutoa Tuzo ya Selke kwa mshambuliaji mlinzi bora. Gainey aliichukua mara nne za kwanza, 1978 hadi 1981. Mwaka 1979 alitajwa pia mchezaji bora wa mechi za mtoano, heshima ambayo kwa kawaida huenda kwa wafungaji au makipa.

Mfano huu haulingani kila mahali na Besori, maana wale 200 walichoka na Gainey alikuwa vitani. Unalingana kwenye fungu. Majina ya washindi huchongwa kwenye Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi hiyo, na kigezo cha leo ni kucheza angalau nusu ya mechi za msimu au mechi moja ya fainali. Hakuna anayeulizwa alifunga magoli mangapi. Gainey alilitwaa mara tano akiwa mchezaji, Lafleur naye mara tano.

Kabla ya Jumapili, kila kikundi kiandike majina: nani huhesabu sadaka pamoja na mwenzake ili pasiwe na lawama, nani hukaa na watoto wakati wa mahubiri, nani huwahi kukagua nyaya za vipaza sauti, nani hulinda geti wakati wa mkesha. Siku ya shukrani majina hayo yasomwe katika orodha ileile ya wahubiri na waimbaji, wala yasifichwe ndani ya "na wengine wote". Nyumbani someni pia Hesabu 31:25–27.