Nilivyolivusha shairi la mjomba hadi kwenye Kiingereza

Marehemu mjomba wangu alikuwa mtu wa bahari hapa Lindi, na aliacha daftari la mashairi. Mwaka jana binti wa dada yangu, aliyeolewa Uingereza, alinipigia simu: "Mjomba, wanangu wanataka kujua babu aliandika nini, na Kiswahili hawakijui." Nikakubali papo hapo. Nimesomesha Kiingereza miaka mingi, nikaona ni kazi ya jioni mbili. Ilinichukua miezi mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo ililiwa na mishororo hii miwili:

Kusi imeshika tanga, chombo kinakata maji,
Siku zake nazipanga, lini atarudi mji.

Mara ya kwanza niliandika hivi: "The south wind has held the sail, the vessel is cutting the water, I am arranging his days, when will he return to the town?" Sarufi haina kosa. Nikamsomea mjukuu kwenye simu. Alinisalimu "Shikamoo babu" vizuri kabisa, akasikiliza, kisha akauliza: siku hiyo kulikuwa na joto?

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Kwao upepo wa kusini hutoka upande wa joto. Kwetu kusi ni ya Juni na Julai, bahari imechafuka na wavuvi wanashuka ufukweni alfajiri wamevaa makoti. Nikajaribu "monsoon", akaona mvua. Kumbe neno laweza kuwa sahihi kwenye kamusi na bado likampeleka msomaji kwenye hali ya hewa isiyo yake. Mwishowe nikaliacha jina lenyewe, Kusi, kama jina la mtu, nikaliwekea baridi mbele. Na tanga? Kwa Kiingereza upepo haushiki tanga, hulijaza. Neno ni "fills", wala halihitaji pambo.

Vina niliviacha, na viliniuma. Kiswahili maneno yake huishia kwa irabu, ndiyo maana nga na ji zinakuja zenyewe. Kiingereza nikikilazimisha kinaanza kupinda sentensi ili kifikie kina, na mtoto anasikia ule mpindo mara moja. Mizani kumi na sita nayo haibebeki, kwa sababu masikio yao husikiliza mkazo kuliko idadi ya silabi. Nilichookoa ni kituo cha katikati: kila mshororo nimeukata vipande viwili, ukwapi, yaani nusu ya kwanza, ukakaa peke yake na utao, nusu ya pili, peke yake.

Kilichonifundisha zaidi ni "atarudi mji". "Return" ni neno la barua za ofisini. Nilijiuliza mtoto wa kule anayemsubiri mzazi wake dirishani angesema nini, nikapata "come home". Hapo sikutafsiri neno rudi, nilitafsiri mtu anayesubiri.

Kisha ikabaki ile "a" ya atarudi. Kiswahili hakimtaji kama ni mume au mke; Kiingereza kinakulazimisha uchague. Mimi nilikuwa nimeandika "he" bila kufikiri, nikidhani ni baharia mwenzake. Nikaenda kwa mama, dada yake marehemu, nikamsomea. Mama akakaa kimya kidogo. "Huyo ni mama yetu," akasema. "Alikwenda Kilwa kumuuguza dada yake. Kaka alikuwa bado kijana." Miaka yote hiyo tulikuwa tukiliimba kama shairi la mabaharia.

Nikafuta "he", nikaandika upya:

Cold Kusi fills the sail
and the boat is gone.
I count off all her days.
When is she coming home?

"Kinakata maji" imepotea, najua. Ila hakuna hata neno moja hapo ambalo mtoto atalikwaa.

Nilimpigia mjukuu Jumapili, mama akiwa pembeni yangu. Nikasoma polepole. Safari hii hakuuliza habari za joto. Aliuliza kama yule mama alirudi.

Nikampa mama simu, nami nikakaa karibu kumtafsiria. Akasogeza kanga begani akamjibu kwa Kiswahili: "Alirudi, mjukuu wangu. Aliyeondoka na kusi hurudi na kaskazi."

Sentensi hiyo bado sijaipatia Kiingereza chake.