Kumbukumbu ya mradi wangu: kuzisoma plagi za Toyota IST kabla ya kuzibadilisha

Gari ni Toyota IST lenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, lililoagizwa Japani likiwa limeshatumika, na katika nyaraka zilizokuja nalo hamna mstari hata mmoja unaoeleza plagi, yaani vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya silinda, zilibadilishwa lini. Mafundi wengi wa Dar es Salaam wakilipokea gari la namna hii hushauri plagi zote nne zitolewe na zifungwe mpya, na ushauri huo si mbaya, kwa kuwa plagi za kawaida si ghali. Hata hivyo, katika mradi huu wa kulirudisha gari katika hali yake ya kiwandani nimejiwekea utaratibu kwamba kifaa hakitupwi mpaka kijulikane kimechakaa kiasi gani na kwa sababu gani.

Mita ilikuwa inasoma kilomita 118,000 dalili zilipojitokeza. Asubuhi injini iliwaka bila usumbufu na kwenye foleni haikutetemeka, lakini kwenye mlima mrefu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na pedali ya mafuta imekandamizwa, gari lilikuwa likimisi kidogo, yaani silinda ikishindwa kuwaka kwa muda mfupi, kisha likaendelea. Mlimani ndiko plagi iliyochoka huumbuka kwanza, kwa sababu mzigo ukiongezeka mgandamizo ndani ya silinda nao huongezeka, na cheche huhitaji volti nyingi zaidi ili kuruka katika hewa iliyobanwa kuliko injini inapozunguka taratibu. Kwa hiyo anayesubiri gari litetemeke likiwa limesimama ndipo aamini kuwa plagi zimekwisha, huwa amechelewa.

Mashine ya kusomea kompyuta ya gari ilitoa kodi, yaani namba ya hitilafu, P0302, ambayo maana yake ni kwamba silinda ya pili ndiyo inayomisi. Kwenye injini hii kila plagi ina koili yake inayoipa umeme wa volti kubwa, iliyofungwa kwa bolti ya namba 10, na jambo hilo hurahisisha sana uchunguzi: niliihamishia koili ya silinda ya pili kwenye ya tatu, nikaifuta kodi, nikaliendesha gari kwenye mlima uleule. Kodi iliyorudi ilikuwa P0302 na si P0303 ya silinda ya tatu, maana yake koili ilikuwa nzima na tatizo lilibaki palepale kwenye silinda ya pili.

Plagi nilizitoa injini ikiwa imepoa, kwa kuwa silinda hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake, yaani mikato ya skrubu inayoishika plagi, huharibika kirahisi zikifunguliwa zingali na moto. Kabla ya kuingiza boksi spana ya milimita 16 nilipuliza kila shimo kwa hewa ya kompresa ili mchanga usidondokee ndani. Shimo la pili lilikuwa na oili.

Hapo pana tofauti ambayo huwagharimu watu fedha nyingi wasipoielewa. Oili ikikutwa kwenye ncha ya plagi, upande unaokaa ndani ya silinda, shaka huelekezwa kwenye ringi za pistoni au sili za valvu, na hiyo ni kazi kubwa. Ikikutwa nje, juu ya nyuzi na kwenye kauri nyeupe, imevuja kutoka kwenye pete za mpira za mfuniko wa juu wa injini, yaani tapeti kava. Ncha ya plagi yangu ilikuwa kavu, na kauri inayoizunguka ilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, ambayo ndiyo rangi ya uunguzaji mzuri; ingekuwa na masizi makavu meusi ningeanza na kichujio cha hewa, na ingekuwa nyeupe yenye malengelenge ningehofia joto kupita kiasi.

Plagi zenyewe ni Denso K16R-U11, ambapo namba 11 ya mwishoni huonyesha pengo la milimita 1.1 ambalo cheche hulivuka. Geji ya kupimia pengo ilipita kwenye milimita 1.3 katika zote nne, na ukiitazama ncha ya katikati kwa kioo cha kukuzia unaona kingo zake zimekuwa mviringo badala ya kuwa kali kama za plagi mpya. Cheche huruka kwa urahisi kutoka kwenye kingo kali, kwa hiyo pengo lililopanuka na kingo zilizolika hushirikiana kuidai koili volti zaidi, na umeme unaposhindwa kuvuka pengo hutafuta njia nyingine, ambayo kwenye silinda ya pili ilikuwa kauri iliyolowa oili. Kuibana ncha kwa kuigonga plagi ili pengo lipungue, kama wafanyavyo baadhi ya watu, hakurudishi kingo zilizokwisha kulika.

Nimenunua plagi za aina ileile eneo la Gerezani, Dar es Salaam, baada ya kuzitoa zote kwenye maboksi na kuzipima pengo moja moja, kwa sababu bandia mara nyingi hutofautiana zenyewe kwa zenyewe. Za iridiamu hudumu hadi kilomita 100,000 ilhali hizi za nikeli hubadilishwa kwenye kilomita 20,000 hivi, lakini kwa sasa nataka plagi inayonilazimisha kufungua na kuangalia. Nilizianza kwa vidole, nikazikaza kwa nyutonimita 18 bila kupaka grisi kwenye nyuzi, kisha nikabadilisha pete za mpira na gasketi ya tapeti kava.

Mita sasa inasoma 119,500, baada ya safari ya Morogoro kwenda na kurudi. Kodi haijarudi na mashimo yote manne ni makavu. Plagi ya silinda ya pili nitaitoa tena kwenye kilomita 128,000 nipime pengo lake. Kazi inayofuata ni kusafisha throtobodi, yaani mlango wa kupitishia hewa kwenye injini.